Mlango Niliomfungulia Mama Mkwe

Nilirudi Kamina nikiwa na masanduku mawili na diploma moja, na katika vitu hivyo vitatu ni diploma peke yake ambayo sikumruhusu mtu kunibebea. Niliipata Afrika Kusini, kwa miaka minne ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho mchana na kukaa darasani jioni. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna padri, hakuna mbunge. Imeandikwa juu yake kwamba ninajua kulinda mitandao ya kompyuta na seva za kukodi. Baba yangu, aliyefanya kazi ya reli mpaka magoti yakakataa, aliishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichotoka motoni, akaniuliza, "Na hii kazi, iko hapa Kamina?"

"Haiko, papa," nikamwambia. "Nitaileta."

Niliileta. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu waliocheka siku zile sasa wananiletea simu zao niwatengenezee.

Kazi yenyewe ilianzia katika hospitali moja ya hapa mjini, ambayo mama mkwe wangu ni mkuu wa wakunga wake. Inapokea wanawake kutoka mbali. Wengine hutoka Kabondo-Dianda juu ya pikipiki, siku nzima ya matope. Wengine ni wake wa askari wa kituo cha jeshi, waliozaliwa kila pembe ya Kongo, ambao leo wako hapa na mwezi ujao mume amehamishwa. Habari zao zilikuwa katika madaftari ambayo mchwa aliyasoma kabla ya daktari. Nilimweleza daktari mkurugenzi kwamba tunaweza kukodi nafasi kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani katika mji wa mbali, na kuweka huko mafaili ya wagonjwa, ya dawa, ya maabara na ya wafanyakazi. Antena moja juu ya paa, paneli za jua, basi. Akaniuliza kama hilo ndilo wanaloliita wingu. Nikamjibu kwamba wingu ni jina tu, mafaili yako ndani ya sanduku la chuma, katika chumba chenye baridi, na chumba kina mlango.

Mlango ndio ujuzi wangu. Katika sanduku moja la chuma unaweza kuzaa kompyuta nyingi zisizo na mwili, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Sisi tulikuwa na nne: ya uzazi, ya dawa, ya maabara, ya wafanyakazi. Mafundi wengi huweka pare-feu moja mbele ya sanduku, yaani programu inayosimama mlangoni na kuuliza kila anayepita ni nani na anakwenda wapi. Halafu wanakwenda kulala. Lakini kompyuta zinazoishi katika sanduku moja huongea zenyewe kwa zenyewe humo ndani, na maongezi hayo hayafiki kamwe kwenye mlango wa mbele. Mwizi akishaingia kwa mmoja, amewafikia wote. Kwa hiyo mimi niliweka pare-feu mbele ya sanduku, kisha nikaweka nyingine mbele ya kila kompyuta. Nimeona mashirika makubwa huko nje ambayo hayakuwa na kitu kama hicho. Kamina tulikuwa nacho.

Halafu nikakosea, na kosa lenyewe hakuna kitabu cha chuo changu kinacholitaja.

Kila mfanyakazi alipaswa kuja kukaa karibu yangu robo saa. Anachagua neno lake la siri, anaandika namba ya simu yake, anajaribu kuingia, simu inamletea tarakimu sita, anaziandika, mlango unafunguka. Walikuja wote, mmoja mmoja, wakicheka na kunusa mafuta niliyopaka. Alibaki mama mkwe.

Kwetu Waluba mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kwa kiti. Mimi simshiki mkono. Siketi naye mezani. Akija kwenye njia ninaacha njia, nasimama majanini na kutazama pembeni mpaka apite. Kama nina neno la kumwambia, nalipitisha kwa mke wangu. Vijana wa leo wameacha mengi, lakini mimi niliporudi nilitaka watu waone kwamba diploma haikunifuta haya usoni. Je, ningeketi naye robo saa, bega kwa bega, nikimuuliza neno lake la siri?

Nikatengeneza njia nyingine. Pare-feu husoma kanuni zake kuanzia juu kushuka chini, na kanuni ya kwanza inayomhusu mtu ikishapatikana, haisomi zaidi. Juu kabisa ya orodha, juu ya kanuni zangu zote nzuri, niliandika kanuni moja: kompyuta ya mkuu wa wakunga inapita popote, bila swali, bila tarakimu sita. Nilifanya hivyo kwa kila mlango, nisije nikalazimika kumrudia tena. Nilijiambia kwamba ni heshima. Sikumwambia mtu.

Mfumo ukafanya kazi mwaka mzima. Mama mkwe ndiye aliyeupenda kuliko wote. Siku moja mke wa askari aliletwa akitokwa damu, hana karatasi, hajui Kiswahili, anaita kwa Kilingala tu. Alikuwa amewahi kupimwa hapo mwanzoni mwa mimba. Mama mkwe alifungua kompyuta yake, akapata jina, akapata kundi la damu, akapiga kelele maabara wakajua waanzie wapi. Yule mwanamke yuko hai. Tangu siku hiyo daktari akikutana nami uani ananipigia saluti kama askari, na mimi napokea, kwa nini nisipokee?

Mtu mmoja tu hakufurahi. Msimamizi wa hospitali, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa ametawala madaftari yale tangu mimi nikiwa mtoto. Aliniita Diaspora, hakuniita jina lingine.

Asubuhi moja ya Jumatatu alinikuta langoni. "Diaspora! Kuya uone mutoto yako. Iko nalia."

Nilikwenda naye kwenye chumba cha dawa. Kwenye kioo cha kompyuta, majina ya dawa yote yalikuwa yamegeuka takataka ya herufi, na kila faili ilikuwa imefungwa kwa kufuli ambalo si letu. Mtu wa dawa alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Kwinini iko wapi? Ayiko," msimamizi akasema kwa sauti ya kanisani. "Serumu iko wapi? Ayiko. Daftari yangu, mwenye kuikula ni muchwa, lakini muchwa anaachaka hata kipande."

Nilikaa, nikazikata kompyuta zote nne kutoka kwa dunia, nikatazama moja baada ya nyingine. Ya dawa ilikuwa imekufa. Ya maabara ilikuwa imeanza kuumwa. Ya uzazi na ya wafanyakazi zilikuwa nzima. Kila Jumamosi mfumo wangu hupiga picha ya kila kompyuta, picha kamili, na kuiweka mahali pengine ambapo hakuna njia ya kufika kutoka humo ndani. Hilo nalo nilikuwa nimelipanga mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Niliifuta ile ya dawa yote, nikaizaa upya kutoka kwenye picha ya Jumamosi, nikafanya vivyo hivyo kwa ya maabara. Jumanne mchana dawa zilirudi zikiitwa majina yake. Tulipoteza kazi ya Jumapili tu, na mtu wa dawa aliiandika tena kwa kichwa.

Nilidhani watanibeba juu. Badala yake daktari aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Niambie kweli. Ni mwizi wa inje ao ni sisi benyewe?"

"Sijajua, dokta."

"Ijumaa komite inakutana. Musimamizi anaomba turudilie madaftari na tufunge hii mashine. Bengi bako naye. Ukisema 'sijajua', minyi sina kitu ya kukutetea nayo."

Nilitoka nikiwa nimeelewa vizuri. Ijumaa wangefunga. Mwanamke mwingine ambaye angekuja bila karatasi angekuta daftari lenye matundu. Na mimi ningekuwa mtu aliyeondoka Kamina kusoma, akarudi, akaharibu, na barua yangu ya kuomba kazi mahali pengine popote ingesindikizwa na habari hiyo. Niliamua kwamba halitatokea. Sikusema nitajaribu. Nilisema halitatokea.

Jumatano nilikaa na kumbukumbu za milango. Pare-feu nzuri huandika kila anayepita, kwa saa na dakika, na zangu ni nzuri. Nilirudi nyuma mpaka Jumapili alasiri. Hapo kompyuta ya mkuu wa wakunga ilikuwa imeingia kwenye dawa, ikatoka, ikaingia tena, mara kumi, mara ishirini, kwa dakika moja. Hakuna vidole vinavyokimbia hivyo. Ilikuwa imekwisha kuambukizwa, na ugonjwa ulikuwa unajaribu milango.

Nikarudi nyuma zaidi. Kwa mwaka mzima kompyuta hiyo ilikuwa imeingia kila mahali, kila saa. Nilijua siku ambazo mama mkwe hakuwa zamu, na siku hizo pia "yeye" alikuwa kwenye maabara, kwenye dawa, kwenye mafaili ya wafanyakazi. Nilimuuliza mkunga mmoja kwa upole nani hutumia kompyuta ile.

"Ya mama? Sisi bote," akanijibu akicheka. "Ile aiombake tarakimu. Hata ule wa maabara, simu yake ikikosa umeme, anakuyaka kwa ile ya mama. Jumapili tulitazama hata kwaya, kuko mugeni alileta kwa clé."

Clé ya kwaya. Mgeni wa kanisani alileta nyimbo kwenye kifimbo cha plastiki cha kubebea mafaili, wakakichomeka, na pamoja na nyimbo kikaingia kile kilichotufungia dawa. Lakini clé chafu huchomekwa kila siku duniani. Kama kompyuta ile ingekuwa na kanuni kama za wengine, ugonjwa ungekufa palepale chumba cha wakunga, ukigonga milango isiyofunguka. Uliofunguka ulifunguliwa na mimi. Juu kabisa ya orodha, kwa mkono wangu.

Sasa nilikuwa na jibu la daktari, na jibu hilo lilikuwa baya kuliko kutojua. Kulisema kwenye kikao ilikuwa ni kumtaja mama mkwe mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Kunyamaza ilikuwa ni kumpa msimamizi ushindi. Na njia ya tatu ilikuwepo, siwezi kuificha: ningeweza kufuta ile kanuni kimya, kisha kusema ni wezi wa nje, Warusi, Wachina, yeyote. Hakuna mtu Kamina ambaye angeweza kunikagua. Niliifikiria kutoka hospitalini mpaka nyumbani. Halafu nikasema hapana. Diploma yangu sikuipata kwa kudanganya, sitaitumia kudanganya.

Nilifuta kanuni ya kwanza kwenye milango yote. Kisha nikamweleza mke wangu, akiwa anasonga bukari, ugali wetu.

Aliacha mwiko. "Weye ulifungua mlango kwa jina ya mama yangu, na haukumwambia mutu?"

"Ilikuwa heshima."

"Heshima gani? Kesho asubui anafungua mashine inakatala, mbele ya batoto ba kazi yake. Ile njo heshima?"

"Ndiyo maana nataka umwambie kabla hajaifungua. Umpelekee na kuku."

"Kuku moja?"

"Wawili."

Alikwenda Alhamisi asubuhi na mapema, kabla ya zamu, na kuku wawili wamefungwa miguu. Nilimpa maneno yangu nikamfanya ayarudie: kwamba kosa ni langu, kwamba nitalisema kesho kama langu, kwamba jina lake sitalitaja, na kwamba kuanzia leo kompyuta yake itamwuliza tarakimu kama ya kila mtu. Mke wangu mwenyewe angekaa naye robo saa. Nilikuwa nimemfundisha hatua zote mezani petu, na alizishika haraka kuliko wauguzi wote, sishangai, nilijua ninaoa wapi.

Alirudi saa tatu. Nilisimama.

"Tarakimu amezipata. Anaingia muzuri," akasema. "Kuku amepokea. Na anasema nikuulize hivi: ile heshima, minyi nilimuombaka lini?"

Niliketi tena.

Ijumaa komite iliketi katika chumba cha mafunzo: daktari, msimamizi, wakuu wa idara. Mama mkwe alikaa safu ya mbele upande wa dirisha. Mimi nikachukua kiti cha nyuma upande wa mlango, kama inavyotakiwa, tukawa na chumba kizima kati yetu. Msimamizi alianza. Alikuwa ameleta daftari moja la zamani, akaligonga mezani.

"Hii aijaugua hata siku moja," akasema. Watu wakacheka. "Haina antena, haina clé, haina Diaspora."

Daktari akanigeukia. Nilisimama, nikasema kwa Kiswahili ambacho kila mtu angeelewa. Niliwaambia ugonjwa uliingia kwa clé. Niliwaambia ungekufa ulipoingilia, lakini mimi niliandika kanuni ya kupitisha kompyuta moja bila swali, nikaiweka juu ya nyingine zote, na kila mtu humu ndani akaitumia kama barabara ya mkato. Niliwaambia kompyuta yenyewe haina kosa na mwenyewe hakujua. Nikasema nimeifuta, na kwamba picha za Jumamosi zimerudisha kila kitu isipokuwa siku moja. Kusema "mimi" mara nyingi hivyo nimezoea. Kusema "mimi niliharibu" ilikuwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Kompyuta ya nani?" msimamizi akauliza. Alijua. Chumba kizima kilijua.

"Ni kosa la fundi," nikasema. "Fundi ni mimi."

Hapo mama mkwe akasimama. Hakunitazama. Alimgeukia daktari, akasema naye, kama mtu anayezungumza juu ya mgonjwa aliye chumba kingine.

"Docteur, minyi niko na swali. Ule mwenye kutengeneza milango, yeye mwenyewe anapitaka wapi?"

Daktari alinitazama. "Umesikia?"

Nilisikia. Kompyuta yangu ya nyumbani nayo ilikuwa na kanuni yake, ya pili kwenye orodha, chini tu ya ile niliyofuta. Inapita popote, bila swali. Nilikuwa nimejiandikia siku ya kwanza na sijaitazama tena, kwa sababu ilikuwa yangu, na mimi ni mimi. Jumatano nilipofuta ile ya juu, macho yalipita juu ya hii bila kusimama.

"Dokta," nikasema, nami nikimtazama yeye tu, "mwambie mama kwamba fundi anapita bila kuulizwa."

"Basi na yeye njo clé ingine," mama mkwe akamwambia daktari. "Kama mutoto wake anachomeka kitu kule kwake, tunakufa bote. Nitapenda afunge leo, hapa, tukiona."

Nilifungua kompyuta yangu mbele yao, nikaiunganisha na kioo kikubwa, nikawaonyesha ile kanuni. Nikaifuta. Kisha nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelisoma chuoni na kuliona la mashirika yenye watu wengi: kwamba kuanzia leo kanuni yoyote ya pare-feu, kuongeza au kupunguza, isifanye kazi mpaka mtu wa pili aikubali. Mimi naomba, mwingine anakubali au anakataa. Anahitajika mtu asiyeogopa kukataa.

"Nani sasa?" daktari akauliza.

Watu waliangalia meza. Mtu wa maabara alikohoa.

"Nitashika minyi," akasema mama mkwe, kwa daktari.

Msimamizi alicheka mpaka kalamu zikatikisika. "Bukwe na bukwe, mukwe na mama mukwe! Batazungumuza na nini, na moshi?"

"Kwa maandishi," nikasema. "Ombi linaandikwa, jibu linaandikwa. Hakuna kuketi, hakuna kushikana mikono." Na wakati nikisema niliona kwamba ni kweli, mfumo huo haukuvunja desturi hata moja.

Daktari aliomba mikono. Upande wa mashine ulishinda kwa mikono minne. Msimamizi alichukua daftari lake, akapita karibu yangu, akaninong'oneza, "Utanililia, Diaspora. Ule mama, ata kwa kuzalisha hakuna mwenye kumwambiaka 'haraka'."

Ni kweli. Mke wangu alimfundisha mama yake siku mbili, na siku ya tatu mwanafunzi akaanza kumsahihisha mwalimu. Sasa kila ombi langu lina sababu, saa ya kuanza na saa ya kufunga, kwa sababu lisilo na hivyo hurudi. Nimeandika mengi kuliko nilivyoandika chuoni. Kanuni zimepungua nusu, na naweza kumwonyesha fundi yeyote wa Lubumbashi orodha yangu, mstari kwa mstari, nikiwa nimekunja mikono. Tukikutana uani bado naingia majanini na kutazama pembeni, naye anapita na kanga yake bila neno.

Juma hili mafundi wa ile kampuni ya mbali waliomba kuingia kwenye kompyuta ya dawa kurekebisha kitu. Niliandika ombi: wafunguliwe mlango kwa siku saba. Nilipeleka, nikaanza kukoroga chai. Jibu lilifika kabla sukari haijayeyuka.

"Bameomba kazi ya masaa ngapi?"

Nilirudi kwenye barua yao nikasoma. Kazi ya saa mbili tu. Nilifuta siku saba, nikaandika saa mbili, nikapeleka tena. Akakubali.